Kilichobaki Kwenye Karai

Mgodi wenyewe wa dhahabu ulikuwa mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, kuteremka magharibi, mahali ambapo udongo wetu mwekundu unaisha na mawe meupe yanaanza kutokeza ardhini. Wazungu walichimba pale kabla ya vita. Walichepusha kijito, kisha wakaondoka na kuacha mfereji, mafungu ya kokoto yaliyoota mipera, na bomba moja lililoliwa na kutu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini waliondoka. Baba yangu alijiuliza walisahau nini.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila jirani alikuwa akipanda chai. Mama alikuwa amelea miche yake kitaluni kama watoto wachanga, na afisa wa chai alikuwa amelikubali shamba. Kilichobaki ni kuchimba mashimo kabla mvua hazijaisha. Mwanamume wa kuyachimba tulikuwa naye, mwenye mikono miwili mizima na jembe zuri, ila jembe hilo lilikuwa mgodini pamoja naye.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa kibarua wa Wazungu wale alikuwa amemweleza Baba kwamba dhahabu huzaliwa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe mlimani, mvua huimomonyoa, kijito huibeba, na maji yakichoka kwenye kona huiangusha. Hayo yalikuwa kweli tupu. Bahati mbaya, elimu ya Baba iliishia hapo.

Kwa kuogopa wezi, hakuosha mchanga kulekule. Alimpakia punda magunia ya mchanga huo, akauleta hadi mto ulio chini ya shamba letu. Majirani walipomuuliza, alisema ni wa kujengea kanisa. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, kwa hiyo waumini walimsifu sana.

Kuosha hakumwomba mtu amfundishe. Alikuwa amemwona Mama akiosha punje za wimbi maisha yake yote: unazungusha chombo majini, wimbi linatoka na maji upande huu, changarawe zinabaki chini, unazitupa. Basi Baba alizungusha karai, akakinga vijipande vyote vilivyometameta na kuelea, akavitia kwenye chupa. Zile takataka nyeusi, nzito, zilizobaki chini, alizimwaga ukingoni. Mama alipokaribia, alimfukuza. Dhahabu, alisema, hukimbia ikiguswa na mwanamke.

Mama hakubishana. Alichimba mashimo yeye mwenyewe kwa jembe lililovunjika mpini, nami nikibeba miche. Udongo wa chini ya shamba ulikuwa unanata na kushika maji, kwa hiyo katika kila shimo alitia ule mchanga mweusi wa Baba. Miche ikashika. Nilipoona majani yale mapya ya kwanza, nilimwonea Mama fahari hadi nikataka kulia.

Chupa ilipojaa, Baba alinichukua tukaenda nayo Kisii mjini, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyejua vito. Yule bwana alitukaribisha kwa adabu, akamimina kidogo kwenye gazeti, akapuliza. Utajiri wetu ukaruka ukatua kwenye viatu vya Baba.

"Mzee, huu ni ulanga tu, vigamba vya mawe vinavyong'aa. Dhahabu ni nzito, hukaa chini," alisema. "Zile za chini ulizipeleka wapi?"

Tulipofika nyumbani Baba alinyakua jembe, akaenda moja kwa moja shambani, maana alikuwa amemwona Mama akiuzoa mchanga ule mweusi ukingoni, akaliinua juu ya mche wa kwanza. Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

"Ngoja, omogaka, mzee wangu," Mama alisema.

Alichota udongo kwenye shimo lile bila kuumiza mzizi, akashuka mtoni nasi nyuma yake, akazungusha karai. Safari hii alivimwaga vinavyoelea. Alizungusha tena taratibu, kwa mkono ule uliotulisha wimbi lisilo na mchanga miaka yote, hadi vumbi jeusi likajitenga. Pembeni mwake ikabaki chembe moja ya njano, ndogo kuliko punje ya wimbi.

Miezi yote ile mtaalamu alikuwa jikoni, akimpikia.

"Hiyo hapo dhahabu yako," Mama alisema. "Sasa ng'oa chai yote, nikuoshee, upate ya kuziba jino."

Baba aliitazama chembe, akaitazama mistari ya miche hadi juu kilimani. Mama hakungoja. Aliurudisha udongo ule shimoni, chembe ikiwa ndani, akaushindilia kwa kisigino.

Baba alipalilia hadi jua likazama. Sabato iliyofuata alisimama mimbarani akahubiri juu ya ubaya wa tamaa, na kanisa zima lilimsikia Mama akiitikia amina.