Matuta Yaliyomngoja Mke wa Kwanza

Siku ya kwanza nilipofika ofisi ya kilimo ya Homa Bay kutafuta kazi, Bwana Shamba wa Wilaya hakuniuliza cheti. Angeuliza, ningekuwa na jibu fupi, maana shule niliiacha mapema. Aliniuliza nimefukuzwa kazi ngapi.

"Sijafukuzwa, bwana. Huondoka mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nikishajua kazi inavyofanywa, nataka kuona nyingine."

Akacheka. Nilikuwa nimepakia pamba gatini, nimechimba dhahabu Masara, nimechuma chai Kericho, nimechunga ng'ombe wa wajomba zangu Kehancha, na kila mahali niliondoka na lugha ya watu wa pale. Hicho ndicho alichokitaka. Nje kulikuwa na Landrova ya Serikali yenye spika mbili juu, na haikuwa na mtu wa kusema. Mchana ule ule nilikabidhiwa maikrofoni, betri, na kifaa kidogo kiitwacho pima maji.

Nieleze kifaa hicho, kwa sababu vijana wa leo wana vyombo vingine. Pima maji ni bomba fupi la kioo lenye maji na povu moja ndani. Unalining'iniza katikati ya kamba iliyofungwa kwenye fimbo mbili zilizolingana. Watu wawili wanasimama mlimani na fimbo zao. Povu likitulia katikati, basi miguu yao iko kimo kimoja. Unaweka kigingi, unasogea. Mwishowe una mstari unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka, na juu ya mstari huo unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Tuta la namna hiyo tuliliita fanya juu. Maji ya mvua yakifika pale husimama, hunywewa na ardhi, na udongo hubaki shambani.

Jambo lilikuwa rahisi kulieleza na gumu mno kulisema mbele ya watu. Uhuru ulikuwa mchanga. Miaka ya nyuma matuta yalichimbwa kwa filimbi ya chifu, na aliyekataa, mwanamume au mwanamke, alipakiwa kwenye lori. Bendera ilipobadilika, watu wengi walichukua jembe wakayasawazisha matuta kwa furaha. Kumwambia mtu kama huyo achimbe tena kulikuwa kama kumwambia amrudishe Mzungu.

Bwana Shamba wa Wilaya akatoa amri moja. "Hakuna kuitisha mikutano. Nendeni pale watu walipokwisha kukusanyika." Basi tukaenda kwenye mechi za kandanda, mieleka, mashindano ya mitumbwi na siku za soko. Wakati wa mapumziko, wachezaji wakinywa maji, mimi nilifunga kamba na kuanza kusema. Mara nyingine tulishangiliwa. Rangwe tulirushiwa madongo.

"Hiyo kamba ni ya kumfunga nani?" mwanamume mmoja alipaza sauti.

"Ya kuyafunga maji, omera," nikamjibu kwa Kijaluo, nikimwita ndugu.

"Basi anza na ziwa!"

Watu waliangua kicheko, kwa sababu miaka ile ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mashamba ya ufukweni. Kicheko kilipokwisha, madongo yakaanza. Dereva aliwasha gari bila kuambiwa.

Baadaye nilihamishiwa Migori, chini ya Bwana Shamba Msaidizi. Alikuwa kijana wa Kikamba kutoka Machakos, mwembamba, mpole, asiyevuta sigara wala kupoteza neno. Kwao matuta yalikuwa kitu cha kujivunia, na alijua kuyachimba kwa mikono yake. Mtu yule nilimheshimu tangu siku ya kwanza na sikuacha.

Alinipeleka kwenye mlima mmoja wa Suna, si mbali na Masara. Njia ya zamani ya wachimba dhahabu ilikuwa imegeuka korongo, na kila msimu korongo lilishuka hatua kadhaa kuelekea boma la Mzee Ogada. Nyumba iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ya mwanawe, Oloo, aliyekuwa ameoa mwaka uliopita. Ukisimama mlangoni kwake ungeweza kurusha jiwe likaangukia ndani ya shimo. Mkewe, Atieno, alikuwa na mtoto mchanga.

"Mvua kubwa moja," Bwana Shamba Msaidizi alisema, "na nyumba hii haipo."

Oloo alikuwa tayari. Mzee Ogada naye alikubali. Tukapatana kuwa na siku ya saga, yaani kazi ya pamoja ambayo majirani huja na majembe yao na mwenye shamba huwapikia. Niliitangaza soko zima, nikasema kutakuwa na ngoma, uji wa kuchacha na nyama ya mbuzi. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Walichimba wakiimba na kutaniana. Ardhi ilikuwa ngumu kama tofali, lakini kufikia adhuhuri tuta la juu lilikuwa limefika nusu ya mlima. Mzee mmoja aliyewahi kupigwa na askari kwa kukataa kuchimba alikuwa akichimba mbele ya wote.

Bwana Shamba Msaidizi alifurahi kupita kiasi cha kawaida yake. Akataka watu waone kazi nzima hadi mwisho. Mimi nilikuwa juu kwenye gari nikibadilisha betri. Nilimwona akichukua kibuyu cha mahindi na kumpa Atieno ili apande nyuma ya tuta jipya. Atieno akakiweka chini. Akampa tena.

"Usiogope, mama. Namna hii." Akachota mbegu, akazitupa kwenye udongo, akazifunika kwa kisigino.

Wimbo ulikatika. Kutoka pale juu niliona majembe yakishuka moja baada ya jingine, na kabla sijafika chini nilikuwa nimeelewa.

Kwa Wajaluo wa siku zile, hakuna aliyepanda katika boma kabla mwenye boma na mikayi, ndiye mke wa kwanza, hawajatoa mbegu, yaani kuzipanda wao kwanza. Wanatangulia wao, wanafuata wake wengine, kisha wana kwa utaratibu wao wa kuzaliwa. Mwana akimtangulia baba, kunaletwa chira, laana inayokondesha mtu hadi kaburini, na huanza na mdogo. Kila mtu pale alikuwa akimtazama mtoto mgongoni mwa Atieno.

"Nani amepanda?" Mzee Ogada aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi," alisema Bwana Shamba Msaidizi. "Kuna kosa gani?"

"Wewe si mwanangu, kwa hiyo sijui kosa lako linaitwaje. Lakini shamba ni la mwanangu." Akawageukia watu. "Hakuna mguu wa mtu wangu utakaokanyaga hapa mpaka mikayi arudi."

Watu waliondoka bila kugusa nyama.

Sasa msomaji aelewe hatari tuliyokuwa nayo. Tuta lililokamilika hutawanya maji. Tuta la nusu huyakusanya. Mtaro wetu ulikuwa umeishia katikati ya mlima, na mdomo wake ulielekea moja kwa moja kwenye nyumba ya Oloo. Tulikuwa tumezua hatari kubwa zaidi kuliko korongo lenyewe. Na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kukaa kila alasiri.

"Tufukie?" niliuliza.

"Kwa watu watatu, pamoja na dereva? Tutafukia mpaka lini?" Alivua shati, akachukua jembe. "Mikayi yuko wapi?"

Alikuwa kwa ndugu zake Karungu, na hakwenda kusalimia. Alikuwa amekasirika. Ndiyo sababu boma zima lilikuwa halijapanda wakati majirani walikuwa wameshaanza. Oloo, mwanawe wa kumzaa, alinieleza huku akitazama chini: mama alirudi kutoka kisimani akakuta vigingi vyetu vimepita katikati ya shamba lake la pamba. Alimuuliza mzee, mzee akamwambia ni mambo ya Serikali. Akafunga kanga yake akaondoka.

"Utamleta?" Bwana Shamba Msaidizi aliniuliza.

"Nitajaribu."

"Akikataa, rudi upesi, tuwahamishe hawa na mtoto wao."

Nilimwacha akichimba na Oloo amesimama kando, haruhusiwi kumsaidia. Hiyo ndiyo picha niliyokwenda nayo Karungu.

Min Oloo, kama alivyoitwa, yaani mama yake Oloo, tulimkuta akianika omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kiko mdomoni. Aliitazama Landrova, kisha akanitazama mimi.

"Mmekuja kunikamata?"

"Hapana, mama. Tumekuja kukuomba."

"Gari la Serikali kama hili lilimpakia dada yangu kwa sababu ya matuta. Nalo lilikuja kuomba?"

Dereva alikuwa akitazama angani, nami nilijua anatazama nini.

"Vigingi vile," alisema, "mlimuuliza nani?"

"Tulimuuliza mzee."

"Mzee ndiye hulima pamba?"

"La, mama."

"Mzee anajua maji hupita wapi shambani kwangu?"

"Sijui, mama."

"Hajui! Yeye mvua ikinyesha yuko ndani anauliza chakula." Ndugu zake waliokuwa kivulini walicheka. Yeye hakucheka. "Na wewe, mtoto wa nani, una sauti tamu ya kutangaza lakini huna ya kuuliza?"

Nilimweleza yote: mbegu, watu walioondoka, mtaro uliokatika, mdomo wake unaoelekea wapi. Nilipotaja mtoto, alitoa kiko mdomoni. Alikuwa hajui kazi imeanza. Alisimama, akaingia nyumbani, akatoka na kifurushi.

"Sitakaa nyuma kama mfungwa," alisema.

"Kaa mbele, mama."

"Na kile kitu unachopigia kelele, nipe."

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Dereva aliendesha kwa kasi iliyonifanya nikaze meno, mawingu yakitufuata nyuma, na Min Oloo ameshika maikrofoni kama mpini wa jembe. Kila tulipopita kisima au duka, alisema yale yale, bila kuinua sauti: yeye ni mikayi wa Ogada, anarudi kwake, kesho alfajiri anatoa mbegu, na baada ya mbegu kuna mtaro wa kumaliza. Tulipofika karibu na kwao akaongeza, "Ogada, kama unanisikia, fagia nyumba."

Watu walitoka mpaka barabarani kucheka. Mimi nilicheka kwa woga tu.

Bwana Shamba Msaidizi alikuwa bado mlimani, viganja vimepasuka. Min Oloo alikwenda moja kwa moja pale mbegu zilipofunikwa, akazifukua, akazifunga kwenye kitambaa na kumrudishia mkononi. "Hizi ni zako," alimwambia. "Kapande kwenu." Kisha akatembea juu ya mlima wote na kutuonyesha mahali ambapo maji hupenya chini ya jiwe kila mwaka, mahali ambapo mstari wetu ulipaswa kuisha. Bwana Shamba Msaidizi alipima na pima maji, akakubali, akahamisha vigingi. Walibishana juu ya vigingi viwili vya mwisho. Kimoja alishinda yeye, kingine mama.

Alfajiri Mzee Ogada na mikayi walitoa mbegu. Wakafuata wake wengine, kisha Oloo na Atieno, wote kwa utaratibu. Watu walikuwa wamejaa uani kutazama, kwa sababu habari ya spika ilikuwa imefika kila nyumba. Mbegu ya mwisho ilipoingia ardhini, hakuna aliyehutubu. Min Oloo alichukua jembe, akapanda mlimani, nao wakamfuata.

Mvua ilikuja alasiri, kutoka ziwani, ikiwa na upepo. Kipande cha mwisho kilikuwa hakijafungwa. Watu hawakukimbia. Niliona wanaume wakilala chini matopeni kuziba pengo kwa migongo yao huku wanawake wakitupa udongo nyuma yao. Atieno alikuwa amesimama mlangoni kwa mkwewe na mtoto, akitazama nyumba yake. Maji mekundu yalifika kwenye mtaro, yakajaa, yakapanda hadi ukingoni. Tuta la chini, tulilochimba asubuhi ile, lilipasuka mahali pamoja, na ghala la Oloo likaenda na maji. Tuta la juu lilitetemeka. Bwana Shamba Msaidizi alikuwa akisema kitu kwa Kikamba, nadhani ni sala. Kisha maji yakaanza kutembea pembeni, polepole, yakielekea kwenye lile jiwe.

Niliendelea na kazi hiyo, Migori, Kehancha, kisha Homa Bay tena, hadi umri ukanistaafisha. Wakuria nao wana taratibu zao, na kila mlima nililazimika kujifunza upya. Bwana Shamba Msaidizi, hadi alipohamishwa, hakutangaza siku nyingine yoyote bila kwanza kuuliza boma linapanda lini na nani anatangulia. Ilimchelewesha sana. Ripoti zake zilikuwa fupi, na wakubwa walimlaumu.

Siku hizi vijana wanakuja na mahema, fulana na muziki, wanafanya siku za mazingira, wanapanda miti mbele ya kamera na kuondoka. Siwacheki. Sisi pia tulikuwa na ngoma na mbuzi. Wakiniomba neno, huwaambia waende kwanza kwa mama wa boma wakamkute kazini, wamuulize maji yake hupita wapi, na wawe tayari kuambiwa warudi baadaye.

Mwaka jana nilipita kwenye mlima ule. Oloo sasa ni mzee mwenye mkongojo, na nyumba yake ya mabati iko pale pale ilipokuwa ile ya udongo. Alinipeleka juu taratibu, tukapumzika mara nyingi njiani. Korongo bado lipo, limejaa nyasi na vichaka, mbuzi wanalala humo. Halijashuka hata hatua moja.