Pilau Mbele ya Geti

Juzi nilipita Kigamboni nikaona vibanda vya mbao ufukweni, nikamkumbuka mama. Nilipokuwa mdogo tulitoka naye Mbagala kwenda kulala huko, tulipofika mlinzi akatuambia kibanda alichokwisha kukilipia mama wamepewa wageni wengine. Mama hakubishana. Alitandika mkeka katikati ya geti, akawasha jiko la mkaa, akaanza kukaanga vitunguu. Harufu ya pilau ilitanda, magari yakapanga foleni yakipiga honi. Mie nilidhani yanatusalimia, nikayapungia mkono.

Meneja akaja. "Mama, hapa hairuhusiwi kupika."

"Basi nifungulie kibanda changu nikapikie huko."

Hakufungua. Leo najua kwamba siku ile tulifukuzwa, ila hatukuinuka kwenye mkeka mpaka tuliposhiba na mama akamaliza kusuuza sufuria.