Siku Niliyotetea Faragha, Simu Yangu Ikiwa Ukutani

Mtaa wote wa Majimbo unajua hii stori, kwa hivyo sioni haja ya kuendelea kujificha, afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu kuliko muisikie kwa fundi wa viatu pale kona, ambaye hata hakuwepo na tayari ameongeza mambo. Mimi ndiye yule mwalimu wa kompyuta aliyesimama mbele ya ukumbi mzima kuwaeleza watu umuhimu wa kulinda siri zao, halafu nikawaonyesha zangu, moja baada ya nyingine, kwa herufi kubwa.

Kulikuwa na mpango wa kuweka kamera mjini Embu, na si hizi kamera za kawaida za supermaketi, ni zile zinazotambua uso, yaani unapita sokoni na mashine mahali fulani inasema huyu ni Mwenda, mzaliwa wa Kianjai, leo amenunua nyanya. Kampuni ya nje ndiyo ingezileta na ndiyo ingetunza picha. Sheria inataka wananchi waulizwe kwanza, kwa hivyo tukaitwa kutoa maoni siku ya Alhamisi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu.

Ningekaa zangu darasani kama si Mama Mutugi. Huyu ni jirani yetu, anauza ndizi sokoni. Mwaka uliopita kijana wake Mutugi, mwanafunzi wa chuo, aliandika maneno makali mtandaoni kuhusu wakubwa, na siku chache baadaye wanaume watatu wakamchukua akitoka kinyozi, wakamtia kwa gari lisilo na namba. Alikaa siku tisa. Alirudi mzima lakini akawa mtu wa kujibu kwa kichwa, na mpaka leo hakuna aliyemwambia mama yake ni nani waliomchukua, wala walijuaje kwamba saa ile yuko kinyozi. Aliposikia habari ya kamera alikuja kwetu, akakataa chai, akasimama tu mlangoni.

"Mwalimu, mimi siwezi ongea mbele ya watu," akasema. "Kiswahili yangu ni ya soko. Utaniongelea?"

Nikamwambia nitamwongelea, na nilimaanisha.

Shida ni kwamba Alhamisi ni siku ya kazi, na kumwambia mwalimu mkuu wangu, Madam Muthoni, kwamba naomba ruhusa nikapinge mpango wa serikali, niliona ni sawa na kuomba uhamisho niende mahali hakuna stima. Kwa hivyo nikamtumia ujumbe kwamba mama yangu amelazwa Meru. (Mama yangu wiki hiyo alikuwa sebuleni kwetu, mzima kabisa, akilalamika kwamba githeri ya mke wangu Wawira haina chumvi.) Madam akajibu, "Pole sana Mwalimu, tunaomba Mungu." Nikaisoma hiyo mara mbili, nikahisi vibaya kidogo, nikapiga pasi shati.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulionimaliza. Pale ukumbini, dada wa mitambo aliniuliza kama nimebeba maelezo yangu kwa flashi, nami nilikuwa nayo, iko mfukoni, lakini nikaona mtaalamu kama mimi hawezi kuonekana na flashi kama mtu wa miaka ile, nikamwambia aunganishe simu yangu moja kwa moja na projekta. Akaniuliza, "Mwalimu, umezima data?" Nikamwambia asijali. (Huwa nafundisha kidato cha pili kuzima data, somo la tatu.)

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja walikaa maafisa wawili kutoka Nairobi na mama mmoja mpole wa ile kampuni, na mstari wa mbele kabisa walikuwa akina mama wa kwaya ambao huo mstari ni wao hata siku ambayo si ya ibada. Mama Mutugi alikaa nyuma yao. Mwenyekiti wetu wa wakaazi, Mzee Njeru, akanikaribisha kwa maneno mengi.

Nilianza vizuri, naapa. Nikawaambia, "Ndugu zangu, faragha si ya mwizi peke yake, faragha ni haki ya kila mtu," watu wakatikisa vichwa, nikapata moto, nikasema nitawaonyesha jinsi kampuni hizi zinavyotujua, nikafungua sehemu ya kutafuta mtandaoni. Simu, kwa moyo wake mzuri, ikashusha orodha ya vitu nilivyotafuta siku za karibuni. Cha kwanza kilikuwa "faragha maana yake nini". Cha pili, "mwalimu anaweza kufutwa kwa kutoa maoni". Cha tatu, "fangasi ya kucha inaambukiza bibi?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu, nami nikacheka pamoja nao kana kwamba nilipanga, nikasema, "Mnaona sasa?" Na hapo ndipo ujumbe wa Wawira ukashuka kutoka juu ya skrini.

Mjue kwamba hao mama wa kwaya wamezoea kuimba wakisoma maneno ya nyimbo kwenye huo huo ukuta, kwa hivyo maneno yakitokea pale wao husoma, hawaulizi. Wakasoma kwa sauti, pamoja, taratibu:

"Baba Kendi, Madam alinipigia, anauliza mama amelazwa wodi gani, walimu waende kumwona Jumamosi. Nimwambie nini? Mama yuko hapa anakula."

Mmoja wao alichelewa kidogo akamalizia "anakula" peke yake.

Na kutoka mstari wa tano, nikasikia mtu akikohoa kikohozi ninachokijua, kikohozi cha gwaride la Jumatatu shuleni. Madam Muthoni alikuwa pale, na miwani yake, anasoma.

Nilichopaswa kufanya ni kuchomoa kebo tu. Badala yake nikashika simu, vidole vinatetemeka, nikabonyeza hiki nikabonyeza kile, na nilipoinua macho nikajiona ukutani, kwenye video niliyojirekodi usiku uliotangulia, urefu wa mlango wa kanisa, nimevaa fulana na taulo, nafanya mazoezi ya hotuba mbele ya sufuria za jikoni. Sauti ilikuwa imeunganishwa kwenye spika. "Na Mzee Njeru akinyang'anya maikrofoni," nilikuwa nawaambia sufuria, "sitamwachia, huyo mzee anapenda maikrofoni kuliko chakula."

Dada wa mitambo ndiye aliyechomoa kebo. Nadhani alinihurumia.

Mmoja wa wale maafisa alisubiri kicheko kitulie, akachukua maikrofoni, akasema kwa upole kabisa, "Asante Mwalimu. Nafikiri mmejionea wenyewe kwamba mtu mkweli haogopi kamera, anayeogopa ni mwenye uongo. Kama hakuna maoni mengine, tuandike kwamba wakaazi wamekubali."

Nilimwangalia Mama Mutugi. Yeye hakuwa amecheka hata kidogo, alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na hapo ndipo aibu yenyewe ilinishika, si ya taulo. Mtu alinipa jambo lake moja la kubeba, nikalimwaga mbele yake.

Mama Mutugi akasimama. Hakupewa maikrofoni, hakuomba.

"Huyu mwalimu amedanganya madam wake," akasema, "hiyo watamalizana. Lakini mimi nauliza. Huyu tumeangalia mambo yake dakika kumi, na sisi ni majirani, tunampenda, na mnaona vile anatetemeka. Nyinyi mtatuangalia miaka ngapi? Na hamtupendi, hata hamtujui." Akamgeukia yule afisa. "Kijana yangu mlijua ako kinyozi. Nani alikuwa anamwangalia?"

Hakuna aliyecheka. Afisa akasema hilo ni swali la ofisi nyingine. Mama Mutugi akamwambia basi atangoja hapo hapo mpaka hiyo ofisi ije, na akabaki amesimama, na mama wa kwaya mmoja akasimama naye, halafu wote wa mstari ule, halafu Mzee Njeru (ambaye nilikuwa nimemtukana dakika tano zilizopita) akauliza picha zitawekwa wapi, na nani ataruhusiwa kuzifungua, na mtu akitaka yake ifutwe ataenda wapi. Yule mama wa kampuni alikuwa anaandika tu. Mwishowe wakasema watarudi na majibu ya maandishi. Hawajarudi bado, na kamera pia hazijafika.

Mimi nilipata yangu. Kuna mtu alirekodi ile sehemu ya taulo akaiweka mtandaoni, nikalalamika kwa wenye mtandao, wakanijibu siku hiyo hiyo kwamba wameikagua na haivunji kanuni zao. Mama naye hakuniongelesha mpaka Jumapili, kwa sababu kwetu kusema mtu mwenye afya yake ni mgonjwa ni kumwitia ugonjwa.

Ijumaa asubuhi Madam aliniita ofisini. Nikaingia na barua ya kuomba msamaha, kurasa mbili. Akaisoma yote, akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Niliogopa, Madam."

Akaangalia mlango kama umefungwa vizuri.

"Mimi niliambia naibu wangu naenda kung'olewa jino," akasema.

Tukaangaliana. Watu wazima wawili, wa kuajiriwa, tumedanganya ili twende kwa mkutano ambao sheria yenyewe ilitualika. Sikujua nicheke au vipi, na nadhani yeye pia hakujua, maana alinirudishia barua akaniambia niende darasani, kidato cha pili wananingoja.

Kwa hivyo nimeapa. Kikao kingine kikiitwa nitaandika barua ya ruhusa, na pale kwenye sababu nitaandika sababu yenyewe, niweke sahihi, nimpelekee Madam mkononi. Na Madam mwenyewe ameniambia nisishangae nikikuta naye ameandika yake.