Presha ya Akoo

Juzi niliingia duka la dawa kule Wabera. Mashine ya kupima presha ilinibana mkono, ikajijaza upepo na kuutoa yenyewe, nikacheka hadi muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa nimemkumbuka Akoo, nyanya yangu, alasiri moja nikiwa mtoto, alipotufikia nyumbani Kiwanjani kutoka Merti juu ya lori la mbuzi, akinukia vumbi na maziwa ya moshi. Kichwa kilikuwa kinamuuma, mama akamwita jirani yetu, sista wa hospitali. Sista alimfunga Akoo kitambaa mkononi, akashika kipira cheusi, akaanza kupampu, fiu, fiu. Mimi presha niliijua ya matairi tu.

"Presha iko juu sana," sista akasema.

Nikaanza kulia. "Umemjaza sana, sista. Mtoe upepo kabla hajapasuka."

Mama alipomtafsiria kwa Kiborana, Akoo alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Sista akangoja atulie, akapima tena. Bado ilikuwa juu, akatoa vidonge. Akoo hakuwahi kumeza kidonge maishani mwake, akakataa katakata. Mama alimbembeleza, sista akamwonya, wapi. Kisha Akoo akanitazama mimi, bado nimemshikilia mkono kwa hofu.

"Wewe umenijaza," akamwambia sista, "huyu ndiye amenihurumia. Nitameza, lakini anipe yeye."

Basi kila asubuhi nilimpa kidonge, halafu nikamfinya mkono kwa kidole gumba, nione kama upepo umepungua. Naye alinyoosha mkono kwa heshima na kungoja majibu.