Rula Hupanga Safari Kuanzia Mwisho

Mke wa mdogo wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na watu wa yadi wanamwita Rula. Jina alilipata kwa sababu ya ufito. Madereva wengine hupamba vioo vyao kwa nyuzi na picha za wachezaji. Yeye ana ufito mrefu wa mbao, umekatwa alama kwa kisu, unalala nyuma ya kiti chake. Mimi ni fundi wa matairi katika yadi hiyohiyo, na shule niliishia darasa la nne. Nitaeleza nilivyoona tu, na nikikata kona kidogo mnivumilie, nitarudi barabarani.

Rula akipewa safari haulizi njia kwanza. Anauliza, "Wananitaka wapi, saa ngapi?" Halafu anakuja bandani kwangu, anakalia tairi bovu, anageuza karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita na kuandika kwa penseli. Saa ya kufika ndiyo mstari wa kwanza. Kutoka hapo anarudi nyuma kama mtu anayefumua sweta. Foleni ya getini, nusu saa. Mizani, saa nzima, maana Jumatano malori ya saruji hujazana. Mteremko mrefu aushuke asubuhi kukiwa na baridi. Pale penye shule asipite saa watoto wanapotoka. Jioni asielekee magharibi, jua litamchoma macho. Ukifika chini ya karatasi ndipo unapoikuta saa ya kuamka.

Na kila siku anaacha saa moja wazi, haiandikii kitu. Nilimuuliza ya nini.

"Hiyo ya yule asiyepiga hodi, shemeji," akasema.

Nikamwelewa. Pancha haipigi hodi. Wala ng'ombe.

Mwaka huo kampuni ilipata kazi ya kupeleka unga kila wiki, kutoka Jumanne, kurudi Ijumaa. Kila dereva aliitamani, lakini Rula aliitaka kwa moyo wote, na sababu yake naijua. Kitinda mimba wake, mtoto wa miaka mitano, alimfungulia mlango siku moja akamwambia, "Karibu mgeni, mama amesafiri." Sote tulicheka. Yeye alicheka kidogo, akaenda kunawa uso.

Walibaki wawili, Rula na kijana mmoja anayeitwa Mshale. Msimamizi wa safari, anayeongoza malori yote kwa simu yake kubwa, akawaita.

"Malori yenu ni pacha, mzigo sawasawa. Atakayetangulia kurudi hapa Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni, kazi ni yake."

"Mama mkwe, nitakuwekea maji ya kuoga," Mshale akamwambia Rula. Si mkwe wake hata kidogo, ni mdomo tu.

"Yaweke, baba. Ila usiyaoge wewe ukichoka kunisubiri."

Mimi niliomba lifti nikamwone binti yangu anayekaa huko unakokwenda unga. Msimamizi akakubali.

Jumanne tulipakia hadi jioni, kisha tukaondoka mwendo wa kobe kwa uzito wa mzigo; siku ya pili tulifika kwenye daraja la reli linalopita juu ya barabara. Njia ile inaokoa saa mbili nzima. Rula akasimamisha lori, akashuka na ufito wake, akapima bodi na kukata alama ya kimo chake, akapima daraja.

"Nafasi ya vidole vitatu," akasema. "Tunapita."

Tukapita polepole, mimi nimekunja shingo kana kwamba kichwa changu ndicho kirefu. Mshale alikuwa ameshapita mbio. Unga tukaushusha Alhamisi, nikakaa kidogo na binti yangu. Alinilisha kama anayepeleka mzee kwenye mashindano ya uzito, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ijumaa alfajiri nikaiona karatasi ya Rula, nikashtuka. Alikuwa amepanga kurudi kwa njia ndefu ya kuzunguka.

"Shemeji," nikamwambia, "juzi si tulipita pale darajani? Au limeinama?"

"Daraja liko palepale. Njoo uone."

Akasimamisha ufito kando ya trela. Alama ya juzi ilikuwa chini ya ukingo wa bodi kwa vidole vitano, mkono mzima.

"Lori lililoshiba linachuchumaa," akasema. "Likiwa na njaa, springi zinalisimamisha. Tukienda pale tunakwama kama kizibo."

Nimefunga na kufungua matairi miaka thelathini na moja na sikuwahi kuliwaza hilo. Niliona haya kidogo.

Mshale alikuwa anapasha injini moto. Rula akamfuata, akamweleza yote kama anayemweleza mdogo wake wa tumbo moja.

"Mama mkwe," Mshale akacheka, "unataka nizunguke ili tufike pamoja? Juzi nilipita na tani thelathini, leo nipite na hewa nikwame?"

"Hiyo hewa ndiyo itakayokukwamisha. Haya, nimesema mbele ya shahidi."

Akaondoka na vumbi lake. Sisi tukashika njia ndefu, na nikikuambia sikuwa na wasiwasi nitakuwa nadanganya. Rula aliendesha kama mtu anayefua nguo, bila haraka na bila kusimama. Kwenye saa tatu na nusu simu yangu ikalia.

"Mzee wa matairi," sauti ya Mshale ilikuwa ndogo, "limenasa. Haliendi mbele wala nyuma. Nyuma yangu wanapiga honi mpaka nimesahau jina langu."

Rula akaegesha pembeni, akazima injini. "Mwambie, shemeji. Hiyo ni kazi yako."

Nikamwambia apunguze upepo, matairi yote ya trela, upande huu kidogo na upande huu kidogo, lishuke sawa. Kisha arudi nyuma kinyumenyume, taratibu. Akitoka ajaze tena kwa mpira unaochota upepo kwenye tangi la lori. Alikuwa na haraka ya kuharibu, nikamrudisha tairi moja baada ya jingine kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Tulisimama pale dakika hamsini, hadi aliposema, "Limetoka, baba."

Nikamtazama Rula. Hakuwa ameitazama saa hata mara moja.

"Tumechelewa?" nikauliza.

"Hapana. Tumeitumia ile saa."

Tukaingia getini saa tisa na dakika ishirini. Msimamizi aliangalia simu yake, akaangalia lori, akaenda kuuchukua ule ufito na kuugeuzageuza mkononi kama mtu aliyeletewa kitu kutoka mbinguni. Mshale alifika jua likizama, bodi imebonyea juu. Jumatatu alikuja bandani kwangu kuniomba nimchongee ufito. Nikamchongea, nikampa na penseli.

Na Rula? Jumatatu hiyohiyo alikuja na karatasi yake ya kalenda, akakalia tairi lake bovu, na kwa kuwa hupanga kuanzia mwisho, niliusoma mstari wa kwanza ukiwa bado peke yake: Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mlangoni, mtoto afungue.