Kamusi Inayokula Wali

Tangu nimalize chuo nilikuwa nikituma kitu kidogo cha kujifunza kila asubuhi kwenye grupu la ukoo. Kwamba shule na hela ni maneno tuliyoachiwa na Wajerumani, na meza tumeipata kwa Wareno. Kwamba nguzo za makaburi ya kale ya Tongoni zilipachikwa mabakuli ya Kichina. Nimesoma historia, kazi sijapata, na nilihitaji mtu mmoja aone kwamba sikusoma bure. Mtu huyo alikuwa baba.

Wengine hawakunijibu. Kaka yangu aliandika mara moja tu: "Na leo mmekula nini cha kihistoria?" Baba alijibu kila siku, neno lilelile: "Endelea."

Nililigeuzageuza neno hilo kichwani hadi likanichosha. Niendelee kutuma? Niendelee kutafuta kazi? Au ni ile "endelea" anayoambiwa mtoto anayeonyesha anavyoruka, huku mkubwa anasoma gazeti? Baba aliuza shamba lake la minazi Tongoni ili nisome. Swali langu lilikuwa fupi, anajuta au hajuti, na sikuwahi kumwuliza.

Akafariki ghafla, alfajiri. Wanaume walikwenda kumzika Tongoni, sisi wanawake tukabaki nyumbani Nguvumali, tumekaa kwenye majamvi. Hapo ndipo watani wetu walipoingia.

Kwetu mtani ana ruhusa msibani. Humwigiza marehemu, huwacheka wafiwa, na mfiwa akikasirika hutozwa faini. Aliyetangulia siku ile alikuwa bibi mmoja muuza samaki wa kukaanga, mtani wa baba tangu ujana wao. Alikuwa amekwishavaa kofia ya baba na miwani yake. Akalala chali katikati ya jamvi, akakohoa kikohozi cha baba hasa. Mama alifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Binti yangu yuko wapi?" bibi akaita kwa sauti ya baba. "Yule msomi! Mwanangu, nimefika huku, malaika Munkari na Nakiri wananihoji kaburini. Hebu nitumie jibu kwenye simu!"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Minazi yangu iko wapi, jamani? Mnaniambia niliiuza? Sikuiuza. Ile pale, kila siku hushinda kwenye kochi, inachaji simu." Akainuka, akanielekezea kidole. "Watu husomesha daktari. Watu husomesha hakimu. Mimi nimesomesha kamusi, tena kamusi inayokula wali!"

Nilitakiwa kucheka, au nimmwagie maji, au nimtukane naye afurahi. Hata watoto wanajua hivyo. Lakini nilikuwa nimeganda kwenye ile kamusi, kwa sababu ilikuwa na mapigo ya baba, jinsi alivyokuwa akitua kabla ya neno la mwisho. Nikafanya ninalofanya ninapoogopa. Nikasema, "Watafiti wengine wanaeleza kwamba utani ulianza kati ya watu waliowahi kupigana, wakapatana, ndiyo maana—"

Sikumaliza. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia hata harusini.

"Ya Rabi!" bibi akapiga makofi. "Baba yake hata udongo haujamkauka, yeye anafundisha! Endelea, mwanangu, endelea!"

Hiyo "endelea" ilinichoma kuliko kamusi. Bibi hakuwa mtu wa grupu letu. Ameipata wapi?

Nilimfuata uani, anakosha miguu karibu na masufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, kamusi."

"Maneno yale ni yako au ya baba?"

Alinitazama kwanza. Miwani ya baba bado ilikuwa puani mwake.

"Ya baba yako. Kila jioni akija kununua samaki ananisomea ulichotuma, kisha anasema, nimesomesha kamusi inayokula wali. Tunacheka mpaka samaki wanaungua. Akaniambia, nikifa mimi, mwambie hivyo mbele za watu. Atacheka."

"Alisema nitacheka?"

"Ndivyo alivyosema." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akanipa. "Hakukujua, mwanangu. Na wewe hukumjua."

Akarudi ndani, nikamsikia akianza tena kukohoa.

Nilibaki nimeshika miwani nikijaribu kupima. Mtu anayejuta hasomi kila jioni. Lakini mtu anayejivunia hasemi vile. Au husema? Mpishi akaniona nimesimama, akachota kwenye sufuria kubwa.

"Haya, jamani, ipeni kamusi wali!"

Wanawake uani wakacheka upya. Nilipokea sahani, nikakaa chini katikati yao, nikala mpaka punje ya mwisho. Nilijaribu kucheka nao. Kicheko hakikutoka.