Mabua ya Shangazi

Nilikuwa napiga randa mlango wa mteja wa mtaa wa Karen wakati simu ya shangazi ilipoingia. Karakana yangu iko Nairobi, kando ya Ngong Road, karibu na Dagoretti Corner, na kwa kelele za magari huwezi kuongea na simu ukaelewana na mtu. Nilienda nyuma ya rundo la mbao nikaziba sikio moja.

"Mlima unaungua," shangazi alisema. "Tuko shuleni, tumelala darasani. Kwangu hakukubaki kitu, hata kuku."

Nilimuuliza moto ulianzia wapi. Mpaka leo nashangaa kwamba niliuliza hilo kabla ya kumuuliza kama ameumia.

"Nani anajua? Ulitoka upande wetu huku chini, upepo ukaupandisha."

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa kwake, kijijini kwetu chini ya mlima. Shangazi ni mjane na magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila kiangazi naenda kumsafishia shamba kabla mvua haijaanza. Mwaka huo nilikusanya mabua ya mahindi kwenye kona ya chini, inayopakana na nyasi, nikayachoma. Huko kwetu magharibi kila mtu huchoma mabua. Moto uliposhuka nikaufunika kwa udongo. Basi la kurudi Nairobi lilikuwa linaondoka saa nane, na nilikuwa nimechelewa. Nikiwa njiani niligeuka nikaona moshi mwembamba bado unatoka pale kwenye nyasi. Nikajiambia utazima wenyewe.

Sikumwambia mtu. Watu wa kwetu wanaoishi Nairobi tuna kikundi kwenye simu, na wiki ile kilijaa picha: mabati yaliyojikunja, ng'ombe waliolala wakiwa wamevimba, miti imesimama kama vijiti vyeusi. Chini ya picha moja mtu aliandika, "Aliyewasha huu moto tukimpata, naye tunamchoma." Wengine walimuunga mkono. Nilisoma maneno yale nikiwa nimeshika chupa ya vanishi, nikaiweka chini. Baada ya hapo gari la polisi likipunguza mwendo mbele ya karakana, nilikuwa naingia nyuma ya rundo la mbao. Mteja akiniita "fundi" kwa sauti ya juu, nilikuwa naruka. Mke wangu aliona nimeacha kula, akaniambia niende hospitali nikapimwe malaria. Nikaenda, nikapimwa, nikarudi na dawa za maumivu ya kichwa.

Mwenyekiti wa kikundi ana ofisi Hurlingham, ghorofa ya pili, na huko ndiko tulikokutana kupanga harambee. Kuna aliyejitolea kutafuta mablanketi, kuna aliyeahidi lori. Ilipofika kwenye nyumba za kujengwa upya, mwenyekiti alininyooshea kidole.

"Milango tunaye mtu wetu hapa. Fundi atatutengenezea yote, na atapanda nayo akaifunge mwenyewe. Au vipi, fundi?"

Nilikubali. Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi mengi hivyo maishani, na nilitamani sakafu ipasuke.

Wengine walipoondoka, nilimsubiri mwenyekiti kwenye ngazi nikamweleza yote: kona, nyasi, ule moshi. Alisikiliza huku akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Uliona moto ukitoka pale ukapanda?"

"Hapana. Nilikuwa nimeshaondoka."

"Basi hujui. Na kama hujui, nyamaza. Harambee ni Jumamosi. Ukifungua mdomo sasa, wafadhili watakunja mikono yao waende, na mvua itanyeshea watu wetu. Unataka hiyo pia iwe juu yako?"

Sikujua kama ananihurumia au ananitisha. Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba amemwalika mwanamke mmoja kutoka huko aje aongee mbele ya wageni. "Unamfahamu. Shamba lake limepakana na la shangazi yako."

Nilimfahamu vizuri. Siku ile ya mabua alikuwa amesimama ng'ambo ya ua akanisalimu, moto ukiwa katikati yetu.

Harambee ilifanyika Karen, kwenye bustani ya mzee wa Kihindi ambaye mimi hununua mbao kwake. Kulikuwa na hema jeupe, kwaya, chai na sambusa. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na njia. Yule mama alipoitwa mbele, alikuwa amevaa koti la mtu mwingine lililompita mikono. Alishika maikrofoni kwa mikono yote miwili.

"Moto una sauti," alisema. "Ni kama lori linapanda mlima. Mimi nilifikiri ni lori. Nilitoka nje nikaona umeshafika kwenye zizi."

Hapo nyuma, upande wa jikoni, wapishi walikuwa wamewasha makaa ya nyama, na upepo ukaleta moshi hadi hemani. Mama akanyamaza. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudi nyuma hatua moja. Mwenye bustani aliinuka haraka akaenda mwenyewe kuwaambia wapishi wayamwagie makaa maji. Macho ya mama yalizunguka safu za viti, moja moja, mpaka yakanifikia, na yakabaki hapo. Nilijua sasa atasema. Nilipima kwa macho umbali wa kutoka kiti changu hadi getini.

"Asanteni kwa chai," alisema, akarudisha maikrofoni.

Nilitoka kabla watu hawajainuka. Yule mama alinikuta karibu na geti, nikiwa nimeegemea ukuta.

"Umekonda, baba," aliniambia.

"Ni kazi, mama."

"Ulichoma mabua siku ile."

"Ndiyo."

"Uliacha kona ya nyasi inatoa moshi."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo wiki tatu nzima.

"Niliuona jioni," aliendelea. "Nikateka maji ndoo moja, nikamwaga. Ukalia shshsh, ukanyamaza. Nilitaka kurudi na ndoo ya pili, lakini mto uko mbali na ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Nikasema umezima. Sasa wale ng'ombe hawapo." Alijifuta uso kwa mkono wa lile koti. "Kila siku naogopa utakuja kuniuliza ndoo ya pili ilikuwa wapi."

"Mimi nilikuwa nakuogopa wewe, mama."

"Mimi?"

Tulitazamana. Hakuna aliyecheka. Kisha akasema hawezi kuendelea kunywa uji na wale watu pale shuleni huku ameficha neno hili, na kama mimi siendi kusema, yeye atasema la kwake peke yake.

Tulipanda na lori wiki iliyofuata, milango imefungwa kwa kamba nyuma yetu. Mwenyekiti nilipomwambia kwa simu tunachoenda kusema, alijibu, "Mtajua wenyewe," akakata simu. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Nilianza mimi, nimeshika kiti. Nilipomaliza, mama akasimama akasema la kwake.

Halafu mtu mmoja aliyepoteza ng'ombe wote alikuja akasimama mbele yangu, karibu sana, nikahisi pumzi yake. Nilifunga macho. Mtu akamvuta mkono. Askari wa msitu alisema siku ile walikuwa wameona moshi sehemu tatu tofauti, na hakuna anayeweza kujua ni upi uliopanda. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alichoma wiki ile. Nilisikia yote hayo, lakini hofu haikunitoka. Ilibadilika tu, ikawa nzito badala ya kuwa kali.

Shangazi alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Nilipomwendea, hakuniangalia.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. Kwa muda wa miezi mingi hakunipigia simu.

Nilibaki huko siku kumi na mbili kufunga milango kwenye nyumba za mabati zilizokuwa zikisimamishwa. Wengine walinipa uji, wengine waliweka bakuli chini wakaondoka. Yule mtu wa ng'ombe nilimwacha wa mwisho kwa woga. Alisimama mbali wakati napigilia bawaba, mikono nyuma, bila salamu. Nilipomaliza akakaribia.

"Unafungukia ndani au nje?"

"Nje."

Aliusukuma, akauvuta, akausukuma tena. Kisha akaingia ndani kwake, akaanza kufagia vumbi la mbao.